Muulize Mwalimu: Mfalme Akiishiwa Fedha

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia Uingereza na wafalme wake. Nimechagua zile ambazo majibu yake yanashikana. Nawaonya mapema: miaka yote niliyofundisha historia sikumlazimisha mwanafunzi akariri orodha ya wafalme. Niliuliza jambo moja tu, huyu bwana hela alikuwa anazitoa wapi? Aliyeweza kulijibu hilo alikuwa ameshaelewa nusu ya utawala wake.

Shikamoo Mwalimu. Shuleni tuliambiwa Magna Carta ya mwaka 1215 ndiyo iliyozaa demokrasia. Mjomba wangu anasema ni karatasi ya matajiri waliogoma kulipa kodi. Nani mkweli?

Marahaba. Mjomba wako amekaribia zaidi, ingawa haikuwa karatasi, ilikuwa ngozi ya kondoo.

Mfalme John alipokonywa Normandy, jimbo lake lililoko Ufaransa, na Wafaransa mwaka 1204, na miaka kumi iliyofuata akawakamua watu wake ili airudishe. Kabaila asiyetaka kwenda vitani alilipa. Mrithi alilipa ndipo akabidhiwe ardhi ya baba yake. Mjane naye alilipa ili asiozwe mume asiyemtaka. Julai 1214 washirika wa John wakapigwa vibaya huko Bouvines. Hela zimekwisha, na Normandy ndiyo imekwenda moja kwa moja. Mwaka uliofuata makabaila waliomwasi waliingia London, na tarehe 15 Juni wakakutana naye kwenye uwanda wa Runnymede, kando ya mto Thames, akaipigia hati yao mhuri.

Ukiisoma utashangaa ilivyojaa mambo ya mfukoni: urithi, madeni, ushuru, hata amri ya kuondoa nyua za kunasia samaki mtoni. Katikati ya hayo pana maneno mazito, kwamba mtu huru asikamatwe wala asifungwe ila kwa hukumu ya walio sawa naye au kwa sheria ya nchi. Lakini wakulima wengi wa wakati ule hawakuwa watu huru. Walikuwa watwana wa makabaila hao hao.

Tena hati yenyewe haikumaliza miezi mitatu. Agosti Papa aliitangaza kuwa batili, vita vikaanza, na Oktoba 1216 John akafa. Kilichoiokoa ni mwanawe, Henry wa Tatu, aliyerithi kiti akiwa na miaka tisa. Mwaka 1225 alihitaji kodi, sehemu moja ya kumi na tano ya mali za watu zinazohamishika. Wakamwambia: tutakupa, ila itoe upya ile hati, kwa hiari yako. Akaitoa. Mgeuko wenyewe mimi nauona hapo kuliko Runnymede. John alishikiwa upanga; Henry aliuza haki akapewa kodi, na biashara ya namna hiyo ikishafanyika mara moja hurudiwa.

Mwalimu, ni kweli Henry wa Nane aliiacha Roma kwa ajili ya mwanamke tu? Mchungaji wetu anasema ilikuwa ni imani.

Mwanamke alikuwepo, Anne Boleyn, na hamu ya mtoto wa kiume ilikuwepo. Kwa mkewe Catherine wa Aragon alikuwa amebakiwa na binti mmoja, Mary. Kwa kawaida Papa angeweza kuivunja ndoa ile. Mfalme wa Ufaransa alishafanyiwa hivyo mwaka 1498. Tatizo ni kwamba mwaka 1527 Roma ilitekwa na kuporwa na askari wa Kaisari Charles wa Tano, na Catherine alikuwa mama mdogo wa Kaisari huyo. Papa gani angethubutu?

Kuhusu imani, mwambie mchungaji kwa heshima kwamba Henry aliandika kitabu kumpinga Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, na mwaka 1521 Papa akamzawadia cheo cha Mtetezi wa Imani. Hata baada ya kujifanya mkuu wa Kanisa mwaka 1534 aliendelea kuwachoma moto Waprotestanti waliomzidi kasi.

Sasa njoo kwenye hela. Baba yake alimwachia hazina nono, naye akaimaliza kwenye vita na Ufaransa. Mwaka 1525 alijaribu kutoza kodi bila Bunge, watu wakagoma mpaka akairudisha nyuma. Miaka kumi baadaye waziri wake Thomas Cromwell alituma maofisa kuandika mapato ya kila nyumba ya watawa nchini. Unapomwona mtu anahesabu mali yako kwa makini namna ile, hajaja kukupongeza. Kati ya 1536 na 1540 nyumba kama 800 zilifungwa, na ardhi zake zikawa za mfalme. Madini ya risasi yaliyoezekwa mapaani yaliezuliwa, kengele zikayeyushwa. Abati mzee wa Glastonbury, Richard Whiting, alinyongwa juu ya kilima kilicho jirani na nyumba yake mwaka 1539.

Kama Henry angeikalia ardhi ile yote, huenda wafalme waliomfuata wasingelihitaji Bunge tena. Lakini alikuwa mtu wa kutumia. Vita vipya vya miaka ya 1540 vilimfanya aiuze, na waliotajirika ni mabwana wa mashambani, ambao wajukuu zao ndio waliojaa bungeni baadaye. Binti yake Mary, Mkatoliki kindakindaki, alipotawala alimrudisha Papa. Ardhi hakuweza kuirudisha. Hata Wakatoliki wenzake walioinunua walikataa kata kata.

Fedha ilipokwisha kabisa Henry akaanza kuchanganya shaba kwenye sarafu. Uso wake ulichorwa ukitazama mbele, kwa hiyo sarafu ikichakaa pua ndiyo iliyotangulia kupoteza rangi ya fedha na kuonyesha shaba iliyo chini. Watu wakambandika jina: mzee Pua ya Shaba.

Naomba kueleweshwa. Mahakama za Uingereza ni za mfalme. Ilikuwaje Charles wa Kwanza akashtakiwa humo na kukatwa kichwa? Nani alikuwa na mamlaka hayo?

Charles mwenyewe aliwauliza majaji wake hivyo hivyo, na hawakuwa na jibu zuri.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1629 Charles alilivunja Bunge lililomsumbua, akatawala miaka 11 bila kuliita. Ataishi vipi? Wanasheria wake walichimbua tozo za zamani. Mojawapo ilikuwa kodi ya merikebu, ambayo kwa desturi ilitozwa miji ya pwani wakati wa hatari ya vita. Mwaka 1634 akaitoza pwani, na mwaka 1635 akaisambaza mpaka wilaya ambazo hazijawahi kuiona bahari. Tajiri mmoja, John Hampden, aligoma kulipa shilingi 20. Pesa anazo, alitaka kesi. Majaji saba walimpa mfalme ushindi na watano wakapinga, na nchi nzima ikasikia kwamba majaji watano wa mfalme wamepinga.

Pamoja na hayo Charles angeweza kufa mzee kitandani. Alichokifanya ni kuwapelekea Waskoti, ambao nao walikuwa raia wake, kitabu cha sala wasichokitaka, mwaka 1637. Ghasia zikalipuka kanisani St Giles, Edinburgh, na muda si mrefu Waskoti wakawa na jeshi. Kupigana nao kunataka askari, askari wanataka mshahara. Aprili 1640 ikabidi aliite Bunge. Wabunge wakasema tuzungumze kwanza malalamiko ya miaka 11. Akalivunja kwa hasira ndani ya wiki tatu. Waskoti wakavuka mpaka, wakaikalia Newcastle, na kwa mapatano wakawa wanalipwa pauni 850 kila siku mpaka amani isainiwe. Hapo mfalme amebanwa. Novemba akaita Bunge jingine, na hilo hakuweza tena kulitimua, maana nani angewalipa Waskoti?

Januari 1642 aliingia mwenyewe bungeni na askari nyuma yake, akitafuta wabunge watano awakamate. Walikuwa wameshatoroka. Akamuuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Spika akapiga magoti, akajibu kwamba mahali hapa yeye hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Tangu siku ile hakuna mfalme wala malkia aliyeingia tena katika ukumbi wa wabunge hao.

Vita vikaanza Agosti mwaka huo. Charles alishindwa, akakamatwa, akapatana kwa siri na Waskoti, vita vikarudi mwaka 1648. Ni hiyo mara ya pili iliyowaudhi maofisa wa jeshi, akiwemo Oliver Cromwell. (Ukoo wake ulitajirika kwa mali za watawa: baba wa babu yake alikuwa mpwa wa yule Thomas Cromwell. Henry wa Nane hakujua anamlea nani.)

Sasa mamlaka. Wabunge wengi walitaka kuendelea kuzungumza na mfalme. Desemba 1648 askari wakasimama mlangoni na kuwazuia hao wasiingie. Waliobaki wakaunda mahakama na kuteua watu 135 wahukumu, wengi hawakutokea. Rais wa mahakama, John Bradshaw, alivaa kofia iliyowekwa chuma ndani kwa kuhofia risasi. Charles hakuvua yake, na alikataa kujibu mashtaka akiuliza tu: kwa mamlaka gani? Kisheria alikuwa sahihi. Watu 59 walitia saini hati ya kifo, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa hadharani Whitehall. Asubuhi hiyo ya baridi aliomba mashati mawili, asije akatetemeka watu wakadhani ni woga.

Hakuwa mfalme mzuri, lakini alijua kufa. Kifo chake kiliwapa wafuasi wake mtakatifu, na mwaka 1660 mwanawe akarudishwa. Cromwell, aliyeishia kuitawala nchi bila mfalme na kufariki 1658, alifukuliwa akatundikwa, na kichwa chake kikachomekwa juu ya mti Westminster. Kilitangatanga mikononi mwa watu mpaka kikazikwa Cambridge mwaka 1960.

Nani alitawala muda mfupi kuliko wote, na nani mrefu zaidi?

Mfupi: Lady Jane Grey, siku tisa, Julai 1553, ingawa wako wasiomhesabu. Mrefu: Elizabeth wa Pili, miaka 70, kuanzia 1952 hadi 2022.

Mwalimu, kwa nini taifa linalojivunia utaifa wake lilimchukua Mholanzi kuwa mfalme, kisha Mjerumani?

Kwa sababu wote wawili hawakuwa Wakatoliki. James wa Pili alikuwa Mkatoliki, na alipopata mtoto wa kiume Juni 1688, wakubwa saba walimwandikia William wa Orange, mume wa binti yake James, aje. Akatua Torbay tarehe 5 Novemba na merikebu zaidi ya 400. James alikimbia, na njiani akautupa mhuri mkuu wa serikali mtoni Thames, akidhani bila mhuri serikali haitatembea.

William alipewa kiti kwa masharti, yakaandikwa kuwa sheria mwaka 1689: hakuna kodi bila Bunge, hakuna jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge. Yeye alichotaka ni pesa za kupigana na Ufaransa, na Bunge likampa kwa vipimo. Mwaka 1694 ikaundwa Benki ya Uingereza, ikaikopesha serikali pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Watu walikopesha kwa sababu aliyedhamini deni ni Bunge. Mfalme anaweza kufa au kugeuka.

Yule Mjerumani, George wa Kwanza, alikuja mwaka 1714 akiwa na miaka 54 na Kiingereza cha kubabaisha. Zaidi ya jamaa 50 walikuwa karibu na kiti kuliko yeye, wote wakarukwa kwa dini yao.

Je, ni Malkia Victoria aliyefuta utumwa?

Hapana. Sheria ilipita mwaka 1833, Victoria akaanza kutawala 1837. Na kwa kuwa tunafuata hela: serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti, na wengi walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale mpaka 1838, eti wanafunzwa kazi. Deni la mkopo uliochukuliwa kulipa fidia hiyo lilimalizika mwaka 2015. Mtu aliyelipa kodi Uingereza mwaka 2014 alikuwa bado anawalipia wenye watumwa.

Mfalme Charles wa Tatu akikataa kusaini sheria itakuwaje?

Wa mwisho kukataa alikuwa Malkia Anne mwaka 1708, kuhusu wanamgambo wa Uskoti, na alifanya hivyo kwa ushauri wa mawaziri wake. Akikataa leo kwa utashi wake, serikali ingejiuzulu na uchaguzi ungekuwa juu yake yeye.

Lakini sababu ya chini kabisa iko mwaka 1760. George wa Tatu, alipoanza kutawala, alilikabidhi taifa mapato ya ardhi za kifalme, naye akapewa posho ya pauni 800,000 kwa mwaka. Kila aliyemfuata amerudia makubaliano hayo. Tangu 2012 posho hukokotolewa kama asilimia ya faida ya ardhi zile zile. Nao malodi, mabwana wa baraza la juu la Bunge, walioikataa mwaka 1909 bajeti iliyowatoza kodi matajiri, walinyang'anywa nguvu hiyo mwaka 1911: muswada wa fedha sasa wanaweza kuuchelewesha mwezi mmoja tu.

Mlioandika kuhusu Ayalandi, barua zenu ninazo. Zinahitaji ukurasa mzima, nimeomba toleo lijalo.