Protini ya kujenga misuli kwa hela ndogo

Mkuu, gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku zinatosha. Ukiwa na kilo 70 ni kama gramu 110, hizo 200 wanazokutajia jimu ni kumaliza hela tu. Mapitio ya tafiti 49 yaliyotoka 2018 yalionyesha kwamba, kwa wastani, ukipita hapo misuli haipati nyongeza ya maana. Na poda ya protini si lazima: gramu 100 za dagaa wakavu zina zaidi ya gramu 50 za protini, yai moja kama 6, maharage makavu gramu 100 yana 20 na kitu. Ila maharage yapime kabla hujayapika, yakishaiva zaidi ya nusu ni maji. Mwenye shida ya figo amwone daktari kwanza.