Maswali na majibu: piki za tu-stroki za porini, ipi inakufaa wewe

Hapa Mombasa ukitaja Enduro wa kwanza kugeuka ni mvuvi, manake Yamaha wana mashine ya boti inaitwa hivo hivo, Enduro, na pwani nzima inajulikana. Sisi leo twazungumzia ile ya magurudumu mawili, lakini msicheke, hizo mbili ni ndugu, zote ni tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili, zote zala petroli iliyochanganywa oili na zote zapiga kelele asubuhi watu wamelala. Maswali yamekuwa mengi tangu niseme natengeneza na kupanda hizi piki, nimechukua machache nijibu kwa mfululizo.

Mimi ni mfupi, futi 5 na inchi 4, kilo 58. Nimepata KTM 300 EXC na Beta X-Trainer 300, bei zimekaribiana. Nichukue gani? – Kisauni

Kaka, kabla ya kuniuliza nguvu niulize mguu. Kiti cha EXC kiko kama milimita 960 toka chini, X-Trainer kiko 910. Utasema sentimita tano ni nini, sasa ngoja usimame kwenye mteremko wa mawe huko Mazeras, upande mmoja ardhi imeshuka, we watafuta pa kuweka mguu na hapana. Hizo tano ndo tofauti ya kugusa na ncha ya kidole au kukanyaga na nusu ya unyayo. Uzito hautakusaidia kuamua, zote zacheza karibu na kilo 100 bila petroli, kwa hivo ikianza kulala na mguu haujafika, yalala kweli, na kuiinua mara ya nane jua la saa saba ndo utajua kama ulinunua kitu chako au kitu cha mtu mwengine.

Halafu kuna springi. Watu wengi hawajui, EXC yatoka kiwandani na springi za mtu wa kilo 75 mpaka 85. We na kilo 58 zako utakaa juu yake ka kuku juu ya ukuta, haitashuka inavyotakikana, kiti kitakuwa juu zaidi na gurudumu la mbele litaparaza tu badala ya kushika. Pima hivi: piki ikiwa juu ya stendi, magurudumu hewani, pima toka ekseli ya nyuma mpaka alama moja ya madigadi juu yake, afu panda na mabuti na helmeti yako, mwenzako apime tena. Ikiwa imeshuka kama sentimita 11 kwa KTM uko sawa. Ikiwa imeshuka 8 na springi umeshailegeza mpaka basi, hio springi si yako, tafuta laini.

Kwa hivo jibu langu ni X-Trainer, na sisemi kwa kukudharau. Shokamzoba zake ni laini na ukiruka nazo kwa fujo zitagonga chini, hio nakwambia mapema. Nguvu yake pia imetulizwa. Lakini mtu wa kilo 58 anayepita vichochoro vya Rabai hahitaji kuruka ka yuko kwenye mashindano. Na usiende kwa fundi wa viti akukate sponji yote, utafika chini sawa lakini magoti yatakunjika mpaka kifuani na kusimama juu ya piki itakuwa kazi ka ya kuinuka msikitini na mgongo mbovu. Wala usipandishe foku (miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu) tu kwenye usukani ushushe mbele peke yake, kwenye mchanga itaanza kutikisa kichwa.

150, 250 na 300, tofauti ni speed tu ama? – Mtwapa

Speed ndo jambo la mwisho kabisa. Tofauti ni nguvu yaja saa ngapi.

Ya 300 (hizi namba ni ukubwa wa injini kwa cc, na ukweli ni 293, KTM na Beta zote) yaamka chini, waweza kuiacha gia ya tatu injini ikiguruma polepole nayo yapanda mlima tu, huku we washughulika na njia. Ya 250 yataka uizungushe kidogo, ikifika katikati yaruka, wengine waipenda kwa hilo, yahisi nyepesi kugeuza ijapokuwa kwa mizani tofauti ni ndogo sana. Ya 150 ni nyepesi kweli, yageuka ka baiskeli, lakini yaishi juu, kidole kimoja kwenye klachi siku nzima, ukiiacha ilale kwenye mchanga mzito imekwisha, ushuke uisukume.

Watu wadhani mwanafunzi apewe ndogo. Mimi sikubaliani sana. Mwanafunzi asiyejua klachi akipewa 150 atahangaika kwenye kila kilima, na 300 yamsamehe akikosea gia. Ila mkono wa eksileta uwe na adabu, manake ukishtuka ukavuta, 300 haikungoji. Hapo kuna dawa rahisi: hizi piki zina pawa valvu kwenye ekzosti, yaani kijimlango kinachofunguka injini ikizunguka kasi, na KTM za kabla ya 2024 zina springi za rangi za kukirekebisha, kijani yaleta nguvu polepole, njano ndo ya kawaida, nyekundu ni ya wenye kiherehere. Springi ni bei ndogo kuliko piki mpya, anza na kijani.

KTM, Husqvarna na GasGas naskia ni kitu kimoja zimepakwa rangi tofauti, kweli? – Changamwe

Nusu kweli. Nyumba ni moja, Husqvarna iliingia 2013 na GasGas mwisho wa 2019, injini ni ile ile. Kinachobadilika na utakihisi ni nyuma: EXC shokamzoba imefungwa moja kwa moja kwenye swingi (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma), hakuna linki chini, yaani vyuma vya kuunganisha hizo mbili, nao hao wengine wana linki. Linki yafanya nyuma ilainike vizuri kwenye matuta madogo madogo, yatulia. Lakini ina beringi zake, na yaning'inia chini hapo inangoja jiwe. Kwa sisi wa huku na chumvi na mchanga, beringi za linki usipozifungua na kuzitia grisi zinashika kutu zinakuwa jiwe. Mvivu wa kuosha na kupaka grisi achukue EXC. Beta RR na Sherco pia zina linki, na Beta kwa macho yangu ndo yapita njia nyembamba kwa ulaini zaidi, hio ni ladha yangu.

Afu tukiwa hapo hapo, mnaocheka boda: Bajaj, hao hao wa Boxer, wana hisa KTM tangu 2007, na 2025 ndo walotoa pesa za kuikwamua isizame. Kwa hivo heshimuni Boxer.

Mjomba wangu ni mvuvi, ana oili ya tu-stroki ya mashine ya boti, kopo zima. Niitumie kwenye piki? – Likoni

Hapana, na mwambie mjomba nimemsalimia. Oili ya boti imeandikwa TC-W3, imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji ya bahari yanayopita saa zote, haipati joto kubwa. Injini ya piki yazunguka kasi zaidi na yapata moto zaidi, we wakwama kwenye mchanga jua kali upepo hakuna, hio oili haitoshi. Angalia kopo liandikwe JASO FD, hio ndo ya piki. Kinyume chake pia, usimpe mjomba yako atie kwenye boti, plagi zitamchafukia huko baharini.

Kuchanganya ni hesabu ndogo. Moja kwa hamsini ni mililita 20 kwa lita, kwa hivo dumu la lita tano latia mililita 100, nunua sirinji kubwa duka la dawa upime, acha mambo ya kifuniko cha chupa. Piki nyingi za KTM za kabureta kitabu chasema moja kwa sitini, fuata kitabu chako. Na hapa kuna kitu wengi wakosea: mtu aongeza oili "kwa usalama". Oili ikizidi ndani ya lita ile ile petroli imepungua, na ile mchanganyiko kuwa mzito inapita kwenye jeti (kile kitundu cha kabureta cha kupitisha petroli) polepole, yaani injini inapata petroli kidogo kuliko mwanzo na inachemka zaidi. Umeongeza usalama ukapata balaa.

Nimenunua Yamaha YZ250X Nairobi, huko ilikuwa inaenda vizuri sana. Nimeileta Nyali inachemka na ukiachilia eksileta inabaki juu kidogo ndo ishuke. Fundi amesema ni ringi za pistoni. – Nyali

Ringi? Mwambie fundi atulie kwanza, asifungue kitu. Na we usiiwashe tena mpaka umalize kusoma.

Nairobi iko meta 1,700 na kitu juu ya bahari, huko mgandamizo wa hewa umepungua karibu moja ya tano kuliko huku kwetu. Aliyeitengeneza huko aliweka jeti ndogo za kabureta zilingane na hewa ile nyepesi, na alifanya sawa kabisa. Umeishusha mpaka baharini, hewa imekuwa nzito, inaingia nyingi, petroli imebaki ile ile. Ndo hio kuchemka na ndo hio injini kukataa kushuka. Ukiendelea hivo pistoni inavimba inakwama ndani ya silinda, na ikikwama ukiwa gia ya tano barabara ya Kaloleni gurudumu la nyuma lajifunga, utajua hujui.

Mimi yalinikuta, nasema bila haya. Niliitoa piki kule juu nikaiteremsha ndani ya lori, siku ya pili nikaenda nayo kujaribu, ikawa tamu ajabu, ikaenda kuliko nilivyowahi kuiona, nikasema kumbe bahari ina baraka. Dakika ishirini baadae nikasikia kama mtu amekaza breki ya nyuma, na mguu wangu hata haujagusa. Silinda imechanika mistari ka mkeka. Kosa langu, hakuna wa kumlaumu. Ule utamu ndo ilikuwa dalili: injini iliyokosa petroli kidogo yaenda vizuri sana kabla haijafa.

Wewe ongeza jeti kuu saizi moja au mbili, na jeti ya chini, ya mwendo wa polepole, uiangalie, tia plagi mpya, iendeshe kwa nguvu kidogo, izime hapo hapo bila kuiachia kwanza, toa plagi uitazame. Nyeupe ka mfupa bado petroli ndogo. Kahawia ka biskuti ni sawa. Nyeusi yenye mafuta umezidisha. Joto letu na unyevunyevu vyapunguza hewa kidogo pia kwa hivo usikimbilie jeti kubwa mno, panda hatua hatua.

Kama we ni mtu wa kupanda Nairobi na kushuka kila mwezi, hapo zile za sindano ndo raha, zarusha petroli kwa sindano badala ya kabureta. KTM walianza na sindano ya aina ya TPI kwenye piki za 2018, za 2024 zikaja na aina ya TBI, kompyuta yapima hewa yenyewe, hata kuchanganya oili huhitaji, ina tangi lake. Ila petroli ya madumu ya kando ya njia yenye maji na takataka usiipe kabisa, filta ya sindano haina huruma.

Mzee wangu ameniachia Yamaha DT 175, inawaka. Niiuze niongezee ninunue ya kisasa? – Jomvu

Usiuze bwanangu. Hio sio ya kushindana na 300 na wala haijafika karibu, injini ya kupozwa na upepo, nguvu ndogo, shokamzoba fupi. Lakini kiti ni cha chini, ina tangi la oili peke yake huhangaiki na sirinji, na fundi yeyote mzee wa hapa aijua kwa macho yamefungwa. Jifunzie mchanga na hio mwaka mzima. Kagua tu pampu ya oili na paipu zake, ikiacha kuleta oili hutapewa taarifa.

Nikishuka milima ya Wundanyi kwenda Mwatate naona injini hainishiki kabisa nikiachia eksileta, ni mbovu? – dada wa Voi

Si mbovu dada yangu, ndo ilivyo tu-stroki, haina ile breki ya injini uliyozoea kwenye fo-stroki. Breki za mkono na mguu zifanye kazi zote mbili, na ziache zipumue kwenye kona. Lakini kuna lengine: kama yako ni ya kuchanganya, oili yaingia pamoja na petroli, kwa hivo ukishuka mteremko mrefu gia ndani eksileta imefungwa, injini yazunguka kasi huku oili haiji. Kila baada ya sekunde chache shika klachi uivutie eksileta kidogo, vrum, ilambe oili, uendelee.

Upepo wa tairi kwenye mchanga na kwenye mawe ya matumbawe ni ule ule? – Kilifi

Sio. Mchanga mtupu psi 12 hivi hata chini yake kidogo, tairi ilale ishike. Jiwe la matumbawe lakata ka wembe na labana tyubu kwenye rimu, panda mpaka 14 au 15. Na mkitoka ufukweni osheni piki kwa maji ya bomba siku ile ile, msilale nayo na chumvi.

Kila nikivuka feri piki inazima nikifika upande wa pili, kuwasha shida. – Diani

Waiacha ikinguruma foleni nzima, oili yajaa kwenye plagi. Izime ukiingia, na beba plagi ya ziada na spana yake mfukoni.