Taa za geti haus ndo zinaficha nyota?

Swali: Fundi habari za kazi. Nina geti haus Shangani hapa Mtwara, nimefunga taa kubwa nne za LED za wati 100 kwa ajili ya ulinzi. Jirani analalamika hapati usingizi, na mama anasema siku hizi Kilimia, kile kikundi cha nyota, hakionekani tukiwa uani. Ni taa zangu au mawingu tu? Na nikizima si nitaibiwa?

Jibu: Salama dada. Taa zako zinahusika, ingawa sio zako peke yake. Wengi tunafunga taa ukutani af tunainua uso wake utazame mbele, tunadhani itafika mbali, kumbe mwanga unaruka ukuta unaingia dirishani kwa jirani na mwingine unaondoka kuelekea angani, huko unakutana na vumbi, moshi na mvuke wa bahari (na hapa kwetu mvuke haukosi) unatawanyika unarudi chini, ndo ule weupe unaouona juu ya mji ukiwa unatokea Mikindani usiku. Mwanga unaokwenda kwa kulala, karibu sambamba na ardhi, ndo mbaya kuliko unaopanda wima, maana unapita kwenye hewa nyingi zaidi. Nyota za Kilimia ni hafifu, zinamezwa. Mawingu nayo yakiwepo yanaurudisha mwanga chini, mji unazidi kung'aa.

Halafu angalia boksi la taa, naamini limeandikwa 6500K (hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga). Hiyo ni nyeupe yenye bluu nyingi, na bluu inatawanyika hewani karibu mara tatu kuliko rangi ya chungwa. Tafuta ya 2700K au 3000K, ile ya njano.

Kuhusu wezi, usizime zote. Mlinzi anayepigwa na taa kali machoni hamuoni mtu aliyejibanza kwenye kivuli pembeni yake, hili nimelishuhudia kwenye mageti mengi. Wati 20 iliyotazama chini, yenye kofia juu, inamsaidia kuliko hiyo 100. Za nyuma weka sensa, ziwake mtu akipita.

Kinachoniuma zaidi mimi ni kasa. Kule Msimbati, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kasa wanapanda mchangani kutaga, na vitoto vikitoka usiku vinafuata upande wenye mwanga, ambao miaka yote ulikuwa bahari, sasa taa ya hoteli ikiwaka ufukweni vinaelekea nchi kavu vinakauka au vinaliwa na kaa na mbwa. Kwa hiyo yeyote anayejenga ufukweni, tafadhali, taa nyekundu au ya chungwa, fupi, na isionekane kutoka mchangani.

Wewe anza na moja leo. Zima meni swichi kwanza, legeza nati za mkono wa taa, inamisha mpaka kioo kitazame ardhi. Usiku nenda usimame uani kwa jirani, kama bado unakiona kioo chenyewe kinawaka, inamisha tena.