Re: Pumu, makohozi ya kahawia, kifua kikuu hakionekani

Dada, pole sana. Umesema mumeo ana pumu, anakohoa vipande vya kahawia, vipimo vya kifua kikuu vimetoka hasi mara mbili, na sasa IgE yake (kingamwili ya mzio inayopimwa kwenye damu) imepanda hadi 2,400. Mdogo wangu alipitia hayohayo. Vipande vyake vilikuwa vigumu, vinavutika kama ubani uliotafunwa.

Mwulizeni daktari kuhusu ABPA, mzio wa mapafu unaoletwa na kuvu aina ya Aspergillus. Kuvu hii imo kwenye vumbi la nafaka na majani yanayooza. Sote tunaivuta kila siku. Kwa mwenye mzio, seli za kinga hutoa ishara za kemikali kupita kiasi: interlukini 4 na 13 huchochea IgE na ute mzito, na interlukini 5 huita seli nyeupe ziitwazo eosinofili. Mapambano hayo ndiyo yanayojeruhi njia za hewa, si kuvu peke yake.

Kwa hiyo aombe kipimo cha IgE mahususi ya Aspergillus, pamoja na CT ya kifua (picha ya kina ya eksirei). Minyoo nayo hupandisha IgE, hivyo apimwe minyoo kabla ya kupewa prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, maana mnyoo wa strongiloidi unaweza kusambaa mwilini kwa dawa hiyo. Akishaianza, asiikatishe ghafla. Akiandikiwa itrakonazoli, dawa ya kupambana na kuvu, ataje dawa zake zote, hata za kuvuta kwa mdomo.

Akikohoa damu, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, msisubiri siku ya kliniki. Nendeni hospitali usiku huohuo.