Mirija ya kaboni inasokotana: pima pengo kabla ya kuongeza volti

Ndugu, unasema umeweka volti 10 lakini mirija yako ya nano ya kaboni (vibomba vyembamba mno vya kaboni) unayoiotesha kwenye tanuru bado inatoka imesokotana kama nywele zisizochanwa. Usikimbilie kuongeza volti. Kinachohesabika ni volti kwa kila mikromita (sehemu ya elfu ya milimita), yaani nguvu ya uga wa umeme: volti 10 kwenye pengo la mikromita 10 kati ya elektrodi, vile vipande viwili vya metali unavyovipa volti, zinatosha, ila kwenye pengo la milimita 1 ni kama hujaweka kitu. Kikundi cha mkemia Hongjie Dai pale Chuo Kikuu cha Stanford kilionyesha hivyo mwaka 2001.

Halafu, inaota ikiwa imelala juu ya silikoni? Hapo ndipo wengi tunakwama. Mrija ukishagusa uso unanata, na uga wa umeme hauwezi tena kuugeuza. Chimba mfereji kati ya elektrodi ili mrija uote ukining'inia. Chaji zake zitagawanyika kwenye ncha mbili, na uga utauzungusha hadi ulale sambamba nao.

Kwa elektrodi, dhahabu iache: kwenye nyuzi 900 za tanuru utando wake mwembamba hujikusanya kuwa vitone. Nilipoteza wiki mbili hivyo, metali ya molibdeni ikaniokoa. Na tafadhali sana, fukuza hewa kwa agoni kabla ya kuingiza methani, gesi inayoleta kaboni; ikichanganyika na hewa ya moto inaweza kulipuka.