Mama Sinema anajibu: Nani aliwakutanisha Jim Kelly na Bruce Lee?

SWALI: Shikamoo Mama Sinema. Mimi ni kijana wa Sakina, Arusha. Mjomba wangu ana simu iliyojaa picha za zamani, na juzi alinionyesha Enter the Dragon. Nilishangaa kumwona Mmarekani mweusi mwenye afro kubwa akipigana katikati ya Wachina, tena anapigana kweli. Mjomba akaniambia huyo ni Jim Kelly, na kwamba kulikuwa na picha nyingi za aina hiyo, nusu kung fu nusu sinema za Weusi. Rafiki yangu wa chuo anasema huo ulikuwa ujanja wa makampuni: walichukua biashara mbili zinazouza wakazichanganya wapate hela. Ni kweli? Ilikuwaje hasa mpaka Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, na Hong Kong zikakutana?

JIBU: Marahaba mwanangu, na mjomba nisalimie sana, ana macho mazuri.

Rafiki yako ameshika nusu ya habari. Hela ilikuwepo, na makampuni yaliifuata mbio. Lakini yalifika yakakuta watu wameshakaa vitini. Waliozikutanisha hizo picha ni wanunuzi wa tiketi.

Mwanzoni mwa miaka ya 70 Hollywood ilikuwa na hali mbaya. Televisheni ilikuwa imewabakiza watu nyumbani, na Wazungu wengi walikuwa wamehama katikati ya miji wakaenda kuishi pembeni. Majumba makubwa ya sinema ya New York, Chicago na Detroit yakabaki na viti vitupu, na wakazi wa karibu nayo sasa walikuwa hasa Weusi na watu wenye asili ya Amerika ya Kusini. Mwaka 1971 Melvin Van Peebles akatoa Sweet Sweetback's Baadasssss Song, picha aliyoitengeneza kwa hela za kuungaunga, nje kabisa ya makampuni makubwa: mtu mweusi anawapiga polisi, anakimbia, na hakamatwi. Huey Newton wa Black Panther, chama cha Weusi waliopigania haki zao, aliisifia sana kwenye gazeti la chama chao. Mwaka huohuo kampuni ya MGM ikatoa Shaft ya Gordon Parks, Richard Roundtree ndani ya koti la ngozi na muziki wa Isaac Hayes uliokuja kupata Oscar. Kumbi zikafurika. Hollywood ikagundua kwamba kuna mtazamaji mweusi anayetaka kuona steringi anayefanana naye, na kuanzia hapo zikamiminika zile picha zilizoitwa blaksploitesheni.

Wenye kumbi walibaki na shida moja: picha hazikutosha. Kumbi za mjini zilionyesha kuanzia mchana mpaka usiku mwingi, tiketi moja kwa picha mbili au tatu. Hapo ndipo Hong Kong ilipoingia. Shaw Brothers walikuwa na studio kubwa iliyotoa picha mfululizo, na Golden Harvest ya Raymond Chow ilikuwa na Bruce Lee. Msambazaji wa Marekani alizipata kwa bei nafuu, akazitia sauti za Kiingereza, akazipeleka zilezile kumbi. Machi 1973 kampuni ya Warner wakaachia Five Fingers of Death, steringi Lo Lieh. Mei mwaka huo ilifika mahali picha tatu zilizokuwa zikiongoza kwa mapato Marekani zote zilikuwa za Hong Kong. Mtu aliyeingia kumwona Shaft alibaki kitini akamwona Lo Lieh. Hakuna aliyemlazimisha.

Kwa nini alibaki? Mimi nasema ni kwa sababu ya hadithi, kabla hata ya mateke. Chukua Fist of Fury ya 1972. Ni Shanghai iliyokaliwa na wageni, na kwenye lango la bustani kuna kibao kinachowakataza mbwa na Wachina kuingia. Bruce Lee anazuiwa pale langoni, anadhihakiwa, halafu anaruka na kukivunja kile kibao kwa teke hewani. Mtu wa Alabama au Mississippi ambaye mama yake aliketishwa nyuma ya basi hahitaji mkalimani hapo. Wala wazee wetu wa Moshi na Arusha hawakuhitaji. Walikumbuka vizuri klabu za masetla na nani alipita mlango wa mbele. Isitoshe, Bruce hana bunduki wala jeshi. Ana mwili wake na mazoezi yake, na hivyo ni vitu ambavyo hata maskini anavyo.

Tena urafiki huo ulikuwepo hata kabla ya sinema. Mwanafunzi wa kwanza wa Bruce Lee pale Seattle, mwaka 1959, alikuwa Mmarekani mweusi, Jesse Glover. Askari weusi waliotumikia jeshi Okinawa huko Japani, Korea na Vietnam walirudi na karate na kufungua madarasa mitaani kwao. Kwa hiyo Jim Kelly hakuokotwa tu na Hollywood ili avae gi, yale mavazi ya karate, apendeze. Alizaliwa Kentucky mwaka 1946, akasoma Shorin-ryu, ambayo ni karate ya Okinawa, na mwaka 1971 alikuwa bingwa wa uzito wa kati katika mashindano ya kimataifa ya Long Beach. Nafasi ya Williams kwenye Enter the Dragon alipangiwa mwigizaji mwingine, akajitoa kazi ikiwa karibu kuanza, ndipo akaitwa Kelly.

Omba tena simu ya mjomba uangalie mambo mawili. La kwanza, Williams anapokwenda kuaga kwenye dojo yake, ukumbi wa kufundishia karate, Los Angeles: ile ni dojo ya watu wa kweli, Black Karate Federation, na anayefundisha pale ni Steve Sanders, mwalimu wao halisi. Akitoka hapo anasimamishwa na polisi wawili wa Kizungu wanaomtafuta ubaya, anawaangusha na kuondoka na gari lao. Hiki ni kipande cha sinema ya Weusi kilichopandikizwa ndani ya picha ya kung fu, na wala hakionekani kiraka. La pili, tazama goti lake. Nimefundisha watoto karate miaka mingi na ndilo ninalowapigia kelele kila siku: goti linapanda kwanza, mguu unafunguka, unarudi ulikotoka, ndipo unashuka. Kelly hakosei hata mara moja. Mwigizaji aliyefundishwa wiki mbili anatupa mguu wote kwa pamoja na kuanguka nao mbele.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Williams anauawa. Han, adui mwenye mkono wa chuma, anampiga mpaka kufa, na Mzungu Roper anamaliza picha akiwa hai. Kaka yangu alikuwa na kibanda umiza Ngarenaro, mikanda ikitoka Nairobi kupitia Namanga, nami ndiye nilikuwa mlangoni nakusanya hela. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo watu walikaa mpaka chini kwenye vumbi, mbele ya benchi la kwanza. Kipande hicho kikifika, kelele zilikuwa kubwa kuliko za mpira. Watu wazima waliokwisha iona kwenye ukumbi wa Metropole ujanani, wanaojua fika kitakachotokea, bado walisimama na kumtukana Han kwa Kiswahili na Kimeru. Mkalimani wetu alijaribu kuwatuliza kwa kumpa Williams maneno ya mwisho ya kishujaa ambayo hayamo kwenye picha.

Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai 1973, picha haijatoka. Warner wakampa Kelly picha yake mwenyewe, Black Belt Jones, ya 1974, mwongozaji yuleyule Robert Clouse. Majambazi wanalitaka jengo la shule ya karate mtaani, Kelly analilinda, na pambano la mwisho ni kwenye sehemu ya kuoshea magari, watu wanapotelea kwenye mapovu mpaka shingoni. Naipenda picha hiyo kwa moyo wote. Baada yake alipata Three the Hard Way pamoja na Jim Brown na Fred Williamson, kisha hadithi zikazidi kuwa nyembamba na bajeti zikashuka mpaka Black Samurai ya 1977. Kelly akaenda kucheza tenisi kwa ushindani. Alifariki mwaka 2013. Mtu mwenye mwili ule, sauti ile na afro ile alistahili kuandikiwa hadithi tano nzuri, na hawakumwandikia. Hapa ndipo nakubaliana na rafiki yako: makampuni yalivuna yakaondoka. Vyama vya haki za Weusi vilikuwa vimeshalalamika tangu 1972 kwamba picha hizi zinawaonyesha Weusi kama wauza dawa na makuwadi tu, na makampuni nayo yakaona kwamba mtazamaji mweusi anakwenda hata kwenye The Godfather na The Exorcist. Hayakuona tena sababu ya kumtengenezea zake.

Lakini mtazamaji hakuondoka. Tafuta The Last Dragon ya 1985, aliyoitoa Berry Gordy wa kampuni ya muziki ya Motown. Kijana mweusi wa New York, Leroy, amekaa ukumbini anatazama Enter the Dragon huku anakula bisi kwa vijiti vya Kichina, na ukumbi mzima unapiga kelele, unajibizana na picha. Ukitaka kujua nani alizikutanisha sinema hizi, jibu limekaa mle ukumbini. Wale watoto wa kumbi hizo ndio waliokuja kuitwa Wu-Tang Clan, kundi la rap lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1993.

Na kwa kuwa uko Sakina: panda gari la Moshi, uulize njia ya kijiji cha Imbaseni. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther Kansas City, aliingia Tanzania mwaka 1972, picha hizi zikiwa ndiyo kwanza zinashika moto, na mwaka 1991 yeye na mkewe Charlotte walianzisha kituo cha jamii hapo kijijini. Marekani unayoiona kwenye simu ya mjomba ilifika mpaka barabara yako.

SWALI: Habari za kazi, Mama Sinema. Naandika kutoka Majengo, Moshi. Binti yangu wa miaka 12 anajifunza karate na wavulana wanamwambia picha za ngumi ni za wanaume. Kuna wanawake weusi waliocheza hizo za kung fu?

JIBU: Salama mama, na hongera kwa binti. Wapo, na mmoja wao ni mrefu kuliko wavulana wote wa hiyo dojo. Tamara Dobson alikuwa na futi sita na inchi mbili, alikuwa mwanamitindo, na mwaka 1973 akawa Cleopatra Jones, wakala wa serikali anayewafuata wauza dawa za kulevya. Mwaka 1975 Warner na Shaw Brothers waliungana kutengeneza ya pili, Cleopatra Jones and the Casino of Gold, wakaipiga Hong Kong kwenyewe, Dobson akishirikiana na Ni Tien. Wanawake wawili, mweusi na Mchina, wanafanya kazi bega kwa bega na hakuna anayewaokoa. Katika mchanganyiko wote ninaouzungumzia leo, hapo ndipo pande mbili zilipokaa meza moja kihalali. Katika Black Belt Jones naye yupo Gloria Hendry, ambaye hakubali kuachwa nyumbani aoshe vyombo.

Mtazame naye Cleopatra Jones ya kwanza, mkae pamoja kwa sababu ya hayo mambo ya dawa. TNT Jackson ya Jeannie Bell, iliyopigwa Ufilipino, na Coffy ya Pam Grier ni za watu wazima, usimpe. Kwa mateke safi mtafutie Angela Mao, Mchina wa Taiwan, aliyecheza kama dada yake Bruce Lee kwenye Enter the Dragon. Kipande chake ni kifupi, anakimbizwa na wanaume kundi zima, na mafunzo yake yanaonekana kila hatua. Wavulana wa dojo wakaribishwe kutazama.

SWALI: Mama, mimi ni bodaboda wa Unga Limited. Kijiweni tunabishana: yule jitu mrefu mweusi aliyepigana na Bruce Lee kwenye Game of Death ni mcheza kikapu kweli, au ni ujanja wa kamera?

JIBU: Kweli kabisa, mwanangu. Ni Kareem Abdul-Jabbar, sentimita 218, wakati huo nyota wa Milwaukee Bucks. Alikuwa mwanafunzi wa Bruce tangu alipokuwa chuo Los Angeles, na walipiga kipande hicho mwaka 1972. Angalia kifua cha ile suti ya njano baada ya teke: alama ya unyayo wa Kareem imebaki pale na hawakuifuta. Bruce anamshinda kwa kugundua kwamba macho yake hayavumilii mwanga, anaanza kutoboa madirisha ya karatasi.

Ila kijiweni waambie na hili. Bruce alifariki picha haijakamilika, na ile iliyotoka 1978 ilimaliziwa na Robert Clouse kwa kutumia watu waliofanana naye. Sogeza mbele mpaka anapopanda ghorofa za lile jengo. Hapo ndipo mtakapomwona Bruce mwenyewe.