Mkrismasi karibu na ukuta: yaliyotukuta sisi Likoni

Ndugu uliyeuliza kama upande mkrismasi, mti ule wa maua mekundu ya Disemba, hapo getini kwako Utange, huku kwetu Mombasa, na jirani akakwambia utavunja ukuta: jirani hakukosea, ila hakukumalizia maneno.

Kwetu Likoni mama aliupanda hatua tatu tu kutoka ukutani. Miaka ya mwanzo raha tupu. Disemba mti wawaka mwekundu, na sisi watoto twachuna vile vijani vinavyofunika ua, kijani nje na vyekundu ndani, twavibandika kwenye kucha kama maharusi. Maganda yakikauka, marefu kama ala ya panga, ndiyo kayamba zetu.

Kisha ukuta ukatoa ufa. Fundi akaziba kwa simiti, mwaka wa pili ufa ule ule. Tulipochimba, mzizi mnene kama paja umelala juu juu tu, umeelekea shimo la choo. Mizizi ya mti huu kwa tabia yake hutambaa, na huku kwetu ukichimba futi mbili wagonga jiwe la matumbawe, basi uende wapi? Juu ya hayo, mbao zake ni nyepesi na hukatika upesi. Usiku mmoja wa kusi tawi lilishukia jiko, mabati manne yakaenda.

Mimi siuchukii, nimeupanda tena kwangu Bamburi. Lakini nimeuweka mita 12 kutoka nyumbani, mbali na choo na tangi la maji, maana majani yake ni madogo mno, huziba mifereji ya paa. Pima nafasi ya upana kuliko urefu: hutanda kama mwavuli. Na usiutegemee kwa kivuli mwaka mzima. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, kwa hiyo ukame hauutishi, hupukutisha majani tu. Yaani jua likikaza, wewe na kiti chako mko juani!

(Wengine wauita mjohoro. Mjohoro niujuao mimi ni ule wa maua ya manjano, kwa hiyo ukienda kununua mche, uliza rangi ya ua kwanza.)

Mbegu ni ngumu kama kokoto. Isugue upande mmoja kwenye jiwe mpaka weupe uonekane, usiguse upande wa kijicho, pale mbegu iliposhikana na ganda, kisha iloweke usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Zile nilizopanda bila kusugua zilikaa tu mchangani.

Kama hapo getini nafasi ni finyu, panda mkwaju nje kabisa ya ukuta. Nao ni wa jamii ya kunde, hukua polepole, lakini tawi lake si la kuvunjwa na kila upepo.

Mama huja kwangu kila Disemba kuukalia huo wa Bamburi. Kila akija huuliza mbona nimeupanda mbali hivyo, ataubebaje mkeka mpaka kule.